Kabla ya kumpeleka mgeni wako Tate Modern

Kila kiangazi hapa Uingereza nageuka dereva, mkalimani na mtembeza wageni wa ukoo mzima. Mmoja anataka Big Ben, mwingine uwanja wa Arsenal, wote wanataka picha mbele ya kasri la mfalme. Tangu shangazi yangu alipokuja kutoka Tanga nimeongeza kituo kimoja ambacho hakuna aliyewahi kukiomba: Tate Modern, jumba la sanaa ya kisasa kando ya mto Thames. Na nina msimamo kuhusu ziara hiyo, ambao rafiki zangu wapenda sanaa wanauona wa kishamba. Panga kuona vitu viwili, vikizidi sana vitatu, kisha toka mkale.

Nilijifunza hivyo kwa miguu yangu. Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu na ramani, nimetia alama vyumba vyote, nikavimaliza kimoja baada ya kingine kama mtu anayehesabu mzigo bandarini. Jioni nilipoulizwa nimeona nini, nilichokumbuka vizuri kilikuwa foleni ya choo.

Kinachorahisisha mambo ni kwamba mkusanyiko wa jumba lenyewe unatazamwa bure. Tiketi ni za maonyesho maalumu. Wengi wakisikia bure wanaona ndiyo sababu ya kukaa kutwa nzima. Mimi naona ndiyo ruhusa ya kuondoka mapema. Hukulipa, hudaiwi, na kesho mlango uko palepale.

Fika saa nne asubuhi wanapofungua. Begi kubwa liache nyumbani. Shuka kituo cha St Paul's, uvuke mto kwa daraja la Millennium, ambalo ni la waenda kwa miguu tu. Daraja hilo lilifunguliwa Juni 2000, likaanza kuyumba chini ya umati, likafungwa baada ya siku mbili na kurekebishwa mpaka 2002. Hadithi hii usimsimulie mgeni mkiwa katikati ya daraja. Mimi nilifanya kosa hilo, na shangazi hakuniachia mkono mpaka ng'ambo.

Ng'ambo unakutana na jengo pana la matofali lenye bomba la moshi la mita 99. Kilikuwa kituo cha kufua umeme kwa mafuta, kikazimwa 1981, na Mei 2000 kikafunguliwa upya kikiwa jumba la sanaa. "Kwa hiyo hapa palikuwa TANESCO yao," shangazi akasema, na tangu hapo hakuliita jina jingine.

Ndani, anza na ukumbi ulimokuwa mitambo. Watu wanainua shingo kutazama dari, mita 35 juu. Mimi nawaambia watazame chini. Mwaka 2007 Doris Salcedo, msanii wa Colombia, aliupasua ukumbi huo ufa wa mita 167 kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi inayohusu ubaguzi na mtu anayefika nchi isiyomtaka. Maonyesho yalipokwisha ufa ulizibwa, lakini kovu limebaki sakafuni. Watu wanalikanyaga bila habari, wengine wanasukuma vigari vya watoto juu yake. Sisi tuliowahi kupanga foleni ya viza tunalielewa bila maandishi ya ukutani.

Sasa vile vitu viwili. Kazi huhamishwa, nyingine hupelekwa ghala au kuazimwa, kwa hiyo usiku wa kuamkia safari angalia kwenye tovuti kama unachokifuata kipo. Sisi tulibahatika.

Cha kwanza ni matofali ya Carl Andre, Mmarekani. Matofali 120 ya tanuri, tabaka mbili, yamelazwa sakafuni basi. Tate, taasisi yenye jumba hili, iliyanunua 1972, kabla jumba lenyewe halijakuwapo, na magazeti yalipokuja kuyagundua 1976 nchi nzima ilipiga kelele kwamba fedha za umma zimechezewa. Nilimleta shangazi makusudi, nikitaka kumsikia, maana ana nyumba Pongwe anayoijenga mwaka wa kumi sasa.

"Matofali mia na ishirini," alisema. "Hayatoshi hata choo, mwanangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alichuchumaa, akayatazama kwa ubavu kama anavyomkagua fundi wake. "Hakuna saruji. Yamekaa tu, na hakuna hata moja lililochomoza." Nimesoma maelezo mengi kuhusu kazi ile, na mengi yanazunguka mbali kabla ya kufika hapo alipofika yeye kwa dakika moja: vitu havijaunganishwa, vimewekwa tu, na kuwekwa kwenyewe ndiyo kazi. Nasi tulikuwa ndani ya jengo la matofali zaidi ya milioni 4 ambayo hakuna aliyekuwa akiyatazama.

Cha pili ni chumba cha Mark Rothko, mchoraji wa New York. Michoro hii mikubwa ya rangi ya damu ya mzee na nyeusi aliianza 1958, ameagizwa na mkahawa wa kifahari New York. Baadaye akaghairi, akarudisha fedha. Tisa kati ya hiyo aliipa Tate, nayo ilifika London Februari 25, 1970, siku ileile alipokutwa amekufa. Taa zimepunguzwa, kama alivyotaka mwenyewe. Kuna benchi. Kaeni.

Nilikuwa nimejiandaa kumtafsiria. Shangazi ameuza kanga miaka thelathini, akaniwahi. "Hii ina pindo," akasema, akionesha ile fremu ya rangi iliyozunguka. "Na huu ndio mji, katikati. Lakini jina hawakuandika." Kisha akanyamaza. Tulikaa pale nusu saa, mwalimu mmoja akaingia na wanafunzi wake na kutoka, sisi tupo. Nilimuuliza angeiandika jina gani. Akasema jina la kanga halichaguliwi kwa haraka.

Ndipo nikamweleza habari za Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954, akaletwa Uingereza akiwa mchanga, akashinda tuzo ya sanaa ya Turner 2017, na humuhumu Tate Modern akawa na maonyesho makubwa kuanzia Novemba 2021. Miongoni mwa kazi zake zipo alizozichora kwa mtindo wa kanga, pindo, mji na maneno yake. Shangazi alitaka tukazitafute hapohapo. Nikakataa. Tulishaona viwili na kovu, na saa sita ilikuwa inakaribia.

Tulikula sambusa zetu wenyewe nje, kwenye kiti kinachotazama mto, maana bei za mkahawa wa ndani ni za kutazama tu. Nusu ya chakula ilipita kimya. Halafu akauliza kama yule mzee wa New York alikuwa na watoto.