Jenereta Ndani ya Buti la Gari la Umeme

Hapa Unguja, kutoka Darajani mjini hadi Nungwi, ncha ya kaskazini, ni karibu kilomita 60, na kwenda na kurudi ni 120. Hesabu hiyo ndogo inatosha kumnyima usingizi mtu aliyeagiza Nissan Leaf ya mwanzo iliyokwishatumika Japani, kwa sababu gari hilo, lilipokuwa jipya na betri yake ya uniti 24 za umeme (kilowati-saa) ikiwa nzima, lilipimwa Marekani likapewa masafa ya kilomita 117 tu. Betri yake haina mfumo wa kupoza kwa maji, na joto ni adui yake mkubwa. Basi likifika kwetu na umri wa miaka kumi na zaidi, safari ya Nungwi huwa ni ya kwenda, na kurudi ni majaaliwa. Ndipo baadhi ya watu wanapopendekeza suluhisho linaloonekana jepesi: nunua jenereta ndogo, iweke ndani ya buti pamoja na dumu la petroli, chaji ikiisha njiani uiwashe.

Wenye rai hiyo hawapaswi kuchekwa. Sisi ni watu tuliokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha tukakaa tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na kila aliyekuwapo anakumbuka jinsi mlio wa jenereta ulivyokuwa ndio sauti ya usiku mjini. Waya wa baharini wa kutoka Ras Kiromoni, Bara, hadi Fumba hapa Unguja, uliowekwa mwaka 1980 na kubeba megawati 45, ulikuwa ndio tegemeo pekee la Unguja. Mwaka 2013 ulizinduliwa wa pili, wa megawati 100, na hali ikawa afadhali sana. Hata hivyo umeme wetu bado unatoka Bara, na hitilafu ya huko hutufikia hapa. Siku kama hiyo mwenye gari la petroli anaweza kununua lita tano kituoni, ilhali mwenye gari la umeme hana hata soketi ya kuazima kwa jirani, kwa kuwa jirani naye yumo kizani.

Lakini hoja hiyo, ukiitazama vizuri, ni hoja ya kuwa na jenereta nyumbani. Umeme kukatika kisiwa kizima na chaji kuisha barabarani ni dharura mbili zisizofanana, na anayezichanganya hujikuta anabeba mzigo wa kilo 20 kila siku kwa ajili ya tatizo ambalo likija litamkuta kwake, gari likiwa limeegeshwa.

Tuichukue sasa hiyo dharura ya barabarani. Jenereta ndogo za aina nzuri, zile zinazobebeka kwa mkono mmoja, hutoa mfululizo kiasi cha kilowati 1.6 hadi 1.8. Ukitoa kinachopotea wakati wa kuchaji, betri inapokea kama uniti moja na nusu kwa saa. Gari dogo la umeme hutumia karibu uniti 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo saa nzima ya ngurumo kando ya barabara inakupa kilomita tisa au kumi. Muuza mkate wa baiskeli anapita mwendo huo bila kutoka jasho. Aliyezimikiwa maeneo ya Mahonda, akiwa amebakisha kama kilomita 20 kuingia mjini, atakaa saa mbili na zaidi chini ya mwembe. Na kama ni dereva wa teksi anayewahisha wageni uwanja wa ndege, jenereta haijamsaidia chochote.

Hayo yote ni iwapo gari litakubali kuchaji, jambo ambalo mara nyingi halikubali. Waya wa kuchajia unaokuja na magari ya Japani kwa kawaida huvuta ampea 15 katika volti 200, yaani kilowati 3, na jenereta ndogo ikibebeshwa mzigo huo hujizima yenyewe. Utahitaji waya unaoweza kupunguzwa hadi ampea 6, au jenereta kubwa ambayo haibebwi na mtu mmoja. Kisha kuna suala la waya wa ardhini: chaja ya gari hupima kwanza kama njia hiyo ipo, na jenereta nyingi za kubeba hazikuunganisha nyutro yake (waya wa kurudishia umeme) na ardhi, hivyo chaja huiona hatari na kugoma. Fundi umeme anayejua kazi yake hulitatua hilo kwa plagi maalumu, ila ni jambo la kulifanyia majaribio nyumbani mchana kweupe, si la kuligundua saa nne usiku katikati ya msitu wa Jozani. Jenereta za bei ya chini, ambazo umeme wake hupanda na kushuka kila injini inapokohoa, mimi nisingezikaribisha kabisa kwenye gari la mtu.

Hesabu ya petroli nayo ina kichekesho chake. Jenereta ya aina niliyoitaja humaliza tangi la lita 3.6 kwa saa tatu na ushei ikifanya kazi kwa nguvu zote, na ukipiga hesabu hiyo hadi kilomita 100 unapata lita kumi hadi kumi na moja. Toyota Vitz ya petroli haifiki hapo. Kwa dharura ya mara moja kwa mwaka hilo si kitu. Kwa anayefikiria kuifanya desturi, angebaki na Vitz yake. Na dumu la petroli ndani ya gari lililofungwa vioo, juani, hutoa mvuke unaosubiri cheche, sikwambii tena kuiwasha jenereta ikiwa ndani ya buti, kwani monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu na huua aliyelala kiti cha nyuma akisubiri chaji.

Unguja ni kisiwa kisichofika kilomita 90 kwa urefu, na katika barabara zake kuu ni nadra kusimama mahali pasipo na nyumba yenye umeme karibu. Kuomba kuchaji, na kumwachia mwenye nyumba pesa za uniti ulizochota kwenye TUKUZA yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni rahisi kuliko mambo yote niliyoyaeleza. Ubaya ni kwamba nyumba nyingi za shamba nazo hazina waya wa ardhini unaoaminika, na mwisho wa laini umeme huwa mdogo, kwa hiyo yule yule fundi bado anahitajika.

Ninapoilegezea jenereta ni kwa pikipiki za umeme. Betri yake ni ya uniti mbili au tatu tu, inafunguliwa na kubebwa, na jenereta moja iliyowekwa kijiweni, bila kupakiwa mgongoni mwa yeyote, inaweza kuijaza kwa saa mbili hivi. Pemba, ambako kabla ya waya wa megawati 25 kutoka Tanga kufika mwaka 2010 kisiwa kizima kilitegemea mitambo ya dizeli ya Wesha, utaratibu huo usingemshangaza mtu.