"Kisa chapati": neno dogo linalobeba kesi nzima

Saa moja asubuhi, kwenye meza ya magazeti karibu na kituo cha daladala, wanunuzi ni wachache. Wengi wamesimama mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari. Siku haikosi kimoja cha aina hii: "Amchinja mkewe kisa chapati." Mmoja anaguna, mwingine anacheka, daladala inafika, wanaigombania. Habari waliyoondoka nayo ni hiyo tu.

Wanaoyatetea magazeti ya udaku wana hoja, na siidharau. Mwanamke akiuawa na mumewe huko kijijini, gazeti linalojiita makini humpa aya mbili ukurasa wa ndani, chini ya waziri anayefungua semina. La udaku humpa ukurasa wa kwanza. Linakwenda msibani, linamtafuta jirani aliyesikia kelele usiku ule, linamfikia hata mjumbe wa nyumba kumi aliyewahi kuwasuluhisha. Ukivumilia mbwembwe ukasoma hadi mwisho, unaweza kukuta kwamba ndoa ile ilikuwa na vipigo vya miaka. Taarifa ya polisi haikupi hayo.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na damu wala wino mwekundu. Ni na neno "kisa". Linahukumu mara mbili kwa mpigo: kwamba mtuhumiwa ndiye aliyeua, na kwamba sababu imeshajulikana. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. "Anadaiwa" limo gazetini, sawa, ila limejificha aya ya pili, kwa herufi asizoziona msomaji wa kusimama. Chapati nayo inamfanya marehemu kichekesho, kana kwamba angewahi kuipika angekuwa hai.

Lakini tusiwatwishe wahariri mzigo wote. Mara ngapi tumemsikia kamanda wa polisi wa mkoa, siku moja tu baada ya mauaji, akisema chanzo ni "wivu wa mapenzi"? Magazeti makini huinukuu kauli hiyo bila kuuliza swali. Wivu wa mapenzi ni chapati iliyovaa suti.

Husemwa pia kwamba bila kelele watu hawashtuki. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto Kanda ya Ziwa, Vicky Ntetema, wakati huo akiwa BBC, mwaka 2008 alijifanya mfanyabiashara anayesaka utajiri, akaingia kwa waganga, akatoka na waliyomwambia. Alitishiwa maisha. Hakuhitaji kuipigia ngoma habari ile. Ilitisha yenyewe, kwa sababu ilihama kutoka kwa aliyekatwa leo ikafika kwa anayeuza na anayenunua viungo vyake.

Kazi ya namna hiyo inataka muda, fedha na mhariri wa kukulinda. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa kila habari iliyotoka hana hata kimoja. Ana namba ya kamanda, na kurasa zinafungwa jioni. Kesi ya mauaji ikija kusikilizwa Mahakama Kuu, pengine miaka kadhaa baadaye, mashahidi wataeleza kwa kiapo kilichotokea usiku ule. Nauli ya kumpeleka huko kusikiliza, nani atampa?