Kingston na bandari iliyohama

Ukishuka King Street hadi mwisho wake, mjini Kingston, unafika baharini bila kukuta bandari. Gati zilizokuwa pale zilianza kubomolewa miaka ya 1960, na shehena ikahamia magharibi, Newport West, ambako palikuwa na nafasi ya kupanga makontena. Wajamaika wanabishana hadi leo: uamuzi ule uliokoa uchumi wa kisiwa, au ulikausha katikati ya mji wao mkuu?

Ubishi huu ni mkali kwa sababu Kingston ni mtoto wa bandari. Tetemeko la Juni 7, 1692 lilipozamisha sehemu kubwa ya Port Royal, ng'ambo ya ghuba, walionusurika walivuka na kuanzisha mji mpya. Karne iliyofuata, Waafrika kwa maelfu walishushwa hapo na kuuzwa utumwani, na biashara hiyo iliwapa wafanyabiashara wa Kingston nguvu ya kushindana na Spanish Town, uliokuwa mji mkuu. Mwaka 1872 wakashinda moja kwa moja.

Kisha ikaja Mei 1938. Makuli waligoma, mji ukasimama, na Alexander Bustamante, aliyewasemea, akatiwa ndani. Walikataa kurudi kazini mpaka aachiwe, na akaachiwa. Mwaka huohuo kikazaliwa chama cha wafanyakazi cha Bustamante, na pia chama cha siasa cha PNP chini ya Norman Manley. JLP, chama cha siasa cha Bustamante, ikafuata mwaka 1943, na mwaka 1944 kila mtu mzima akapata haki ya kupiga kura. Ninaposikia gati za zamani zikitajwa kama mbao kuukuu tu, huwa nasononeka. Siasa za Jamaika huru zilianzia hapo.

Hata hivyo, wanaotetea kuhama wana hoja nzito. Meli za makontena zinadai kina kirefu, kreni kubwa na uwanja mpana, na gati nyembamba za katikati ya mji hazikuwa na hata kimoja. Jamaika iko karibu na njia ya meli za Mfereji wa Panama, kwa hiyo inaweza kupokea makontena ya nchi nyingine na kuyapakia kwenye meli nyingine. Lakini Freeport ya Bahamas na Caucedo ya Jamhuri ya Dominika zinaitaka kazi hiyohiyo. Juni 2016 mfereji uliopanuliwa ulifunguliwa. Julai, uendeshaji wa bandari ya makontena ukakabidhiwa kampuni tanzu ya CMA CGM, kampuni ya meli ya Ufaransa, kwa miaka 30. Serikali yenye deni lililokuwa limepita asilimia 100 ya pato la taifa isingepata kwa urahisi fedha za kuchimba kina na kuimarisha gati. Waliofuatilia mjadala wa kuikabidhi DP World, kampuni ya Dubai, bandari ya Dar es Salaam mwaka 2023 watazitambua hoja za pande zote mbili.

Upande wa pili unauliza: kontena linaloshuka meli hii na kupanda ile linamwachia nini mkazi wa Kingston? Halifiki dukani, halibebwi na lori lake. Kazi iliyohitaji makundi ya makuli sasa inafanywa na wachache. Mabenki nayo yalipanda juu, New Kingston, kwenye uwanja wa zamani wa mbio za farasi. Mitaa iliyo jirani na bandari ikaachiwa wanasiasa: Back-o-Wall ilibomolewa, ikajengwa Tivoli Gardens, ngome ya JLP. Mei 2010, vikosi vilipoingia humo kumsaka mtu aliyetakiwa na Marekani, zaidi ya watu 60 waliuawa.

Siamini kwamba kuhama kwenyewe ndiko kulikoleta haya. Makontena yalihamisha hata bandari za London. Kosa ninaliona kwenye uamuzi wa pili, usiozungumzwa sana: ufukwe ulioachwa wazi ujengwe kwa ajili ya nani? Zikaja ofisi, hoteli, ukumbi wa mikutano, baadaye makao ya Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari. Wengi wa wanaofanya kazi humo huja asubuhi na kuondoka jioni. Aliyebaki ni mchuuzi wa Coronation Market, mama aliyeshusha viazi vikuu na ndizi kutoka shamba, na huyo ndiye aliyeutunza mji wa chini katika miaka yake mibaya kuliko mpango wowote wa serikali.

Januari 2020 gati la meli za watalii lilifunguliwa Port Royal, ng'ambo tena. Kwa historia ya pale ni jambo zuri, ila fedha za mgeni hazivuki ghuba zenyewe. Mkataba wa makontena nao utafika mwisho mwaka 2046. Kabla ya hapo serikali inaweza kutenga kwa sheria sehemu ya ada za bandari kwa ajili ya nyumba na mafunzo ya kazi katika mitaa inayopakana na uzio wake. Wajukuu wa makuli wa 1938 wana haki ya kulidai hilo sasa, bila kusubiri mazungumzo ya mkataba mwingine.