Mama Akishaondoka

Ngamiani, hapa Tanga, hakukosi baraza lenye mtu mwenye mvi ambaye mtaa mzima bado unamwita "mtoto wa Bi Fulani". Ana ulemavu wa akili (si ugonjwa wa akili, hayo ni mambo mawili), na Bi Fulani mwenyewe siku hizi anatembelea mkongojo. Ndugu wanalikwepa swali moja tu: bibi akifariki, huyu atakaa na nani?

Wapo wanaosema apelekwe makazi ya wazee, na hoja yao si ya kubezwa. Dada atakayebaki naye ana presha na magoti. Kumwogesha mtu mzima na kumkesha kunamshinda. Kule angalau wahudumu hupokezana. Ila Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 humhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na mwenye Down (hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, moja ya visababishi vya ulemavu wa akili) huzeeka mapema, kabla ya umri huo. Kromosomu hiyo (uzi wa vinasaba ndani ya seli), ya 21, ina jeni ya protini ambayo mabaki yake hurundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, hivyo usahaulifu waweza kumwanza akiwa na arobaini na kitu. Mtoto wa jicho humjia mapema, tezi ya shingoni nayo hulegea kazi. Nyumbani watasema "ndivyo alivyo", na hospitali hapelekwi.

Hilo ndilo doa la wanaotaka abaki nyumbani: mazoea huwafumba macho. Hata hivyo mimi niko upande wao. Muuza kahawa anajua vikombe vyake ni viwili. Njia ya msikitini yeye mwenyewe huyu mtoto wa Bi Fulani anaijua kwa miguu. Ukimhamisha, hata alichokuwa anakiweza kitampotea.

Lakini kubaki nyumbani kunataka nyumba. Matanga yakishaanuliwa, nyumba ya urithi inauzwa, fungu lake "linashikwa" na kaka aliyeko Dar, na mwenye ulemavu anaanza kuhamishwa-hamishwa kama mkeka. Ulemavu haumwondolei mtu haki ya urithi. Kwa familia za Kiislamu za Sunni, wasia kwa mrithi haupiti bila ridhaa ya warithi wengine. Kwa hiyo mama angali hai na akili timamu, ampe hiba (zawadi ya wakati wa uhai) ya chumba, kiandikwe mbele ya mashahidi, na atajwe wa kumsimamia.

Na dada? Apokewe zamu, hata siku mbili kwa wiki. Wajukuu wa kiume wamejaa mle ndani, na kuogesha si kazi ya wanawake peke yao.