Kung'oa Magego ili Kupanga Meno: Je, Meno Hubaki Yalipopangwa?

Mzazi wa Nachingwea au Masasi anayeshauriwa kwamba mwanawe ang'olewe magego manne madogo, yale yanayofuata chonge, kabla ya kufungwa waya za meno, huenda akakubali kwa kuamini kwamba nafasi ikishapatikana meno hayatasongamana tena. Imani hiyo ina historia. Edward Angle, daktari wa kupanga meno wa Marekani, alishikilia kwamba meno yote yabaki kinywani. Mwanafunzi wake, Charles Tweed, hakuridhika na matokeo ya wagonjwa aliowatibu kwa njia hiyo, akawatibu upya baadhi yao kwa kung'oa, na kufikia miaka ya 1940 msimamo wake ulikuwa umepata wafuasi wengi.

Hata hivyo, mwaka 1981 Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha matokeo ya wagonjwa 65 walioondolewa magego hayo, wakapimwa miaka 10 au zaidi baada ya kuacha kuvaa riteina, yaani kifaa cha kuyashikilia meno yaliyokwisha kupangwa. Takriban theluthi mbili yao, meno ya mbele ya chini yalikuwa yamesongamana tena kwa kiwango kisichoridhisha.

Kuilaumu koleo kwa hilo si haki, kwa kuwa meno ya chini husongamana kadiri umri unavyosonga hata kwa watu wasiowahi kutibiwa. Kung'oa kuna sababu zake halali, kama vile meno kuzidi sana nafasi ya taya au kuchomoza hadi midomo isifumbike kwa urahisi (midomo minene peke yake si ugonjwa, na daktari asiipime kwa sura za Wazungu). Kwa maoni yangu, ahadi ya kudumu ndiyo isiyostahili kuwa miongoni mwa sababu hizo.

Kinachoyashikilia meno ni riteina, na hapo ndipo umbali unapouma. Waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno haumtegemei mtoto kukumbuka kuuvaa, lakini hukusanya ugaga, na ukibanduka upande mmoja bila mtu kugundua, meno huweza kuhama. Ile ya plastiki huvuliwa na kusafishwa kwa urahisi, ila hupinda ikioshwa kwa maji ya moto. Kwa familia itakayolazimika kusafiri hadi Dar es Salaam kila kifaa kikiharibika, fedha za korosho zinazotengwa kwa matibabu zihesabiwe pamoja na nauli na riteina za miaka ijayo, na hesabu hiyo ifanywe kabla ya jino la kwanza kung'olewa.