Daftari la kwenda nalo kwa bingwa wa umeme wa moyo

Mara ya kwanza tulifika saa moja asubuhi, tukaitwa saa sita kasoro, na dakika kumi hazikuisha tukawa tumeshatoka. Pale kwenye benchi nikamuuliza mama, "Amesema una nini?" Akanitazama. "Si ulikuwemo ndani?"

Nilikuwemo. Nilisikia "mapigo hayana mpangilio", nikasikia "damu isigande", nikaona kalamu inakimbia, nikasema asante daktari. Kwetu mgonjwa mwenye adabu ni yule anayeitikia, na mwanawe vilevile.

Safari ya pili, tulipopelekwa kwa bingwa wa umeme wa moyo, nikabeba daftari. Lilikuwa na maswali 23 niliyoyaokota mtandaoni usiku wa manane. Leo nakiri kwamba karibu nusu yake hayakuwa na kazi, na lililotusaidia kuliko yote halikuwa langu.

Mama ana miaka 71, mzaliwa wa Muheza, na presha amekuwa nayo miaka mingi. Ugonjwa wake madaktari wanauita AF. Yeye anauita kuku. "Leo kuku kaamka," anasema, maana kifuani anasikia kama kuku aliyefungwa miguu anavyopapatika. Sijasoma maelezo yaliyonielea kuliko hayo. Vyumba viwili vya juu vya moyo, ambavyo kazi yake ni kujikunja kwa pamoja, vinatetemeka tu; umeme unazunguka ovyo ndani yake zaidi ya mara 300 kwa dakika, na vyumba vya chini vinapiga kwa kubahatisha kufuatana na kile kinachopenya. Damu ikituama kwenye kifuko kilicho pembeni ya chumba cha juu cha kushoto, inaganda. Donge likichomoka likapanda kichwani, hicho ni kiharusi.

Swali langu la kwanza daftarini lilikuwa: tunamnyamazishaje kuku? Nilianzia pasipo. Kuku anasumbua, donge ndilo linaloua, na wapo watu wenye AF wasiosikia papatiko lolote huku hatari yao ya kiharusi ikiwa palepale. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya swali moja tu mlango ukiwa unafungwa, uliza hili: hatari yangu ya kiharusi ni kiasi gani, na umeihesabu kwa vipi? Hesabu ipo, na daktari anaifanya kwa vidole. Presha, alama 1. Kisukari, 1. Moyo kushindwa kazi, 1. Ugonjwa wa mishipa, 1. Umri wa miaka 65 hadi 74, 1. Ukifika 75, 2. Ukishawahi kupata kiharusi, 2. Zamani kuwa mwanamke nako kulihesabiwa alama, lakini mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 umeifuta hiyo. Mama akapata 2, na kuanzia hapo mwongozo unashauri dawa ya kuzuia damu kuganda.

Hapo jirani yetu mmoja angesema, "Si ameze tu aspirini ndogo." Nimelisikia hili mara nyingi mno. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliolinganisha aspirini na apiksabani, mojawapo ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kwa wagonjwa wa AF walioonekana hawaiwezi warfarini, dawa ya zamani ya kazi hiyohiyo. Ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa waliokuwa kwenye apiksabani walipata viharusi pungufu kwa zaidi ya nusu.

Swali la pili ni la valvu, yaani vilango vya moyo, na hili sikuliona kabisa kwenye kurasa za Wazungu nilizokuwa nasoma. Kwao AF ni ugonjwa wa uzee na unene. Kwetu wapo pia vijana walioumwa koo utotoni bila kutibiwa sawasawa, homa ya baridi yabisi ikawaharibia valvu za moyo, AF ikaja juu yake. Kwa vijana hao dawa mpya si bora. Utafiti wa mwaka 2022, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulilinganisha rivaroksabani, nayo ni dawa mpya, na dawa za jamii ya warfarini kwa watu wenye AF na ugonjwa huo wa valvu, na waliotumia warfarini na jamii yake ndio waliokufa wachache zaidi. Kwa hiyo kabla hujaagiza ndugu aliye Ulaya akuletee dawa ya kisasa, uliza: kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kimesema nini kuhusu valvu zangu? Mwenye valvu ya chuma naye hubaki kwenye warfarini. Za mama zilikuwa nzima.

Sasa nije kwenye lile lililoniaibisha. Usiku wa kuamkia kliniki nilimsomea mama maswali yangu yote, naye akawa anapepeta mchele. Nilipofika kwenye "kipimo cha INR kinapaswa kuwa kati ya 2 na 3", yaani kipimo cha damu cha kuona warfarini yake inachelewesha kuganda kiasi gani, akasema taratibu, "Ile dawa mimi nameza siku moja, naruka moja. Ili ifike mwisho wa mwezi." Kisha yakafuata mengine. Magoti yakimuuma anameza diklofenaki anayonunua duka la dawa, jambo ambalo kwa mtu mwenye dawa ya kuzuia damu kuganda linaongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Kulikuwa na chupa ya miti shamba chini ya kitanda. Na kisamvu alikuwa ameacha miezi miwili, kwa sababu mtu fulani alimwambia mboga za majani haziendi na warfarini. Mtu wa Muheza, kisamvu! Ukweli ni kwamba majani yana vitamini K inayopambana na dawa ile, lakini kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, ili dozi ipangwe kufuata chakula. Ukikata ghafla, kipimo kinayumba. Ukifakamia ghafla, kinayumba upande wa pili.

Nikaona hapo kwamba nilikuwa nakwenda kumhoji bingwa kuhusu ufundi wa kuunguza nyama ya moyo kwa waya, wakati mgonjwa wangu ameruka nusu ya vidonge vyake. Ukurasa wa kwanza wa daftari ukabadilika. Tukaandika dawa zote kama anavyozimeza kweli, pamoja na za kuazima kwa jirani. Tukaandika siku anazosikia kuku, ni saa ngapi, alikuwa anafanya nini, alidumu kwa muda gani. Tukaandika mwezi kuku alipoanza. Huo mwezi nilidhani ni wa kumbukumbu tu, kumbe ni wa tiba.

Maana kuna mabishano ya siku nyingi hapa. Je, tuyaache mapigo yaende ovyo na kuyapunguza kasi tu, kwa dawa kama bisoprololi au digoksini, au tuhangaike kuyarudisha kwenye mpangilio? Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 haukuona kwamba kuhangaika kunaongeza uhai. Mwaka 2020 ukaja wa Ulaya uliowachukua watu ambao AF yao haikuzidi mwaka mmoja tangu igundulike, na kwao kuyarudisha mapigo mapema kulipunguza viharusi na vifo vya moyo. Hivyo "imeanza lini?" ni swali la pande zote mbili.

Nikiri kwamba mimi nilitaka mashine. Nilishasoma habari za waya unaopitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, ukaunguza au kugandisha nyama inayozunguka midomo ya mishipa itokayo mapafuni. Timu ya Bordeaux, Ufaransa, ndiyo iliyoonyesha mwaka 1998 kwamba cheche nyingi za AF huanzia humo. Nilikuwa nishaanza hesabu ya kuuza kiwanja. Ukilifikisha swali hili kwa bingwa, usiishie kwenye "inaponya?" Muulize yeye kupona anakupimaje. Muulize ni wagonjwa wangapi wanaohitaji kurudiwa, yeye mwenyewe amefanya mara ngapi, na kama ni nje ya nchi, nani atakufuatilia ukirudi. Na uliza kama dawa ya kuzuia damu kuganda utaiacha baadaye, kwa kuwa wengi wanadhani ndiyo zawadi ya upasuaji. Inategemea zile alama za vidoleni. Kuku akinyamaza, alama hazipungui.

Bingwa, kijana kuliko mimi, alimwamkia mama shikamoo, akaomba daftari, akalisoma mwenyewe. Alikaa zaidi kwenye ule ukurasa wa vidonge vya kuruka. Hakugomba. Akasema dawa mpya hazihitaji kipimo cha INR wala kuogopa kisamvu, ila zinaisha mwilini upesi. Ukiruka siku moja, umebaki bila kinga, wakati warfarini hukaa siku kadhaa. "Kwa hiyo mama, niambie la pesa kwanza, la dawa litafuata." Sijawahi kumsikia daktari akianzia hapo. Tukazungumza bima, tukazungumza nauli ya kuja kupima. Kuhusu waya, akasema chumba cha juu cha mama kimeshatanuka na kuku mwenyewe hamsumbui sana, haoni sababu ya kukimbilia. Mama akashusha pumzi. Mimi ndiye niliyenuna.

Kisha akauliza, "Na wewe mama, huna swali?" Mimi nilidhani yamekwisha.

"Nitafunga?"

Katika maswali yangu 23 hilo halikuwemo, na kwa mama lilikuwa ndilo pekee. Kidonge cha mara mbili kwa siku kinakaaje kati ya futari na daku? Kile cha mara moja, ambacho hutakiwa kumezwa na chakula, ni bora zaidi kwake? Na mtu wa miaka 71 akishinda bila maji, figo zake, ambazo ndizo zinazopangia dozi ya hizi dawa mpya, zitakuwaje? Bingwa akaweka kalamu chini, akavuta kiti. Hilo moja lilichukua muda kuliko yangu yote. Hakusema ndiyo wala hapana. Alitaka kupima figo kwanza, mwezi mmoja kabla ya mfungo, ndipo waamue pamoja.

Daftari sasa linakaa juu ya kabati la vyombo. Ukurasa wa juu kabisa ni mwandiko wa mama: "Shaabani kurudi. Figo. Diklofenaki nimeacha. Kuku mara 2 wiki hii."