"Hakuna viza, twende tu!"

Hii kauli imenichosha. Hapa Mtwara kila mwenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma kajifanya ofisa wa uhamiaji. Uliza habari za Msumbiji kijiweni, utajibiwa na mtu mwenye pweza mdomoni: "Ah, kule kwetu kabisa, Wamakonde wenzetu, unapita tu."

Unapita wapi? Juzi tumedamka na binamu yangu, mjuaji mwenyewe, tukala vumbi hadi mpakani. Akaombwa pasipoti. Anayo, ila imebakiza wiki mbili. Unakwenda kwa nani? "Kwa mjomba." Mjomba anakaa mtaa gani, namba yake ya simu? Kimya. Utakaa siku ngapi? "Nitajua huko huko." Na haya marobota mawili ya vitenge, ni ya kumsalimia mjomba? Tukarudi na jua la saa nane, nauli imeliwa, na nauli yenyewe nilitoa mimi.

Jamani, msamaha wa viza unakuondolea kuomba viza kabla ya safari, basi. Pasipoti lazima iwe hai, siku zako zinahesabiwa tangu muhuri ulipogongwa, na mgeni wa matembezi hafanyi kazi wala biashara. Ofisa wa mpakani anaweza kukurudisha hata kama nchi yake haikudai viza.

Binamu yupo kijiweni pale pale. Jana nimemsikia akimshauri kijana mmoja: "Sauzi? Hakuna viza, we nenda tu!"